Mara ya kwanza nlimlilia Archer, mara ya pili nkamuona May: maoni yangu juu ya The Age of Innocence

Nianze na onyo kabisa: humu ntasema mpaka mwisho wa kitabu, maana hiki ukikatisha kabla ya mwisho hujakisema, kwa hiyo kama hujakisoma na wewe ni wale mnaokasirika mkiharibiwa stori, pita kwanza. Kina zaidi ya miaka 100 lakini najua watu.

Nyota 4 kati ya 5. Ile moja nliyokata ntaieleza mbele.

Kitabu ni The Age of Innocence cha Edith Wharton, mmama wa Kimarekani, kilitoka 1920. Hakimiliki yake Marekani ilishaisha kwa hiyo matoleo ya bure, ya kusoma na ya kusikiliza, yamejaa intaneti. Mara ya kwanza nlikisoma kwenye simu, sijaoa, usiku usiku, nkamaliza nina hasira na dunia nzima. Safari hii tumekisikiliza wawili, mimi na mke wangu, mmoja anakunja nguo mwingine anaosha vyombo, msomaji anasoma taratibuuu, na tumebishana vibaya mno, kuna siku tulizima tukalala kila mtu kageukia upande wake. Ugomvi haukuwepo. Kimya kilikuwepo.

Naandika kwa sababu maoni mengi nnayokutana nayo juu ya hiki kitabu yanasema kitu kilekile, kwamba ni mapenzi ya kweli yaliyouliwa na jamii, kijana wa watu kafungwa na ndoa, mwanamke wa ndoto zake kaondoka, basi lete leso. Hata mimi nlikuwa nasema hivo hivo na nlimpa mtu kitabu kwa maneno hayo hayo. Sa hivi siamini tena.

Stori yenyewe. New York, mwanzoni mwa miaka ya 1870. Newland Archer ni mwanasheria kijana wa ukoo mzuri, ofisini anaenda kama mtu anayesogeza muda, ana mchumba mrembo anaitwa May Welland. Siku uchumba wao unatangazwa anafika opera kachelewa (kuchelewa ndo ustaarabu wenyewe kwa watu wa tabaka lile) anamkuta May kakaa na binamu yake Ellen Olenska. Huyu Ellen aliolewa Ulaya na kabaila mmoja wa Kipolandi, tajiri, mwanaume wa ovyo kabisa, kamkimbia na kurudi kwao akidhani kwao ni kwao. Kumbe kwao hawataki mwanamke aliyemkimbia mume, hata kama mume ni shetani. Na hawamfukuzi, hapana, hawana ushamba huo. Familia inaandaa chakula cha jioni kumkaribisha, inaalika watu, na karibu wote wanajibu kwa adabu kwamba wanasikitika hawataweza kufika. Wote. Sentensi ileile. Hapo ndo nlijua huyu mwandishi ni hatari, maana hajaandika tusi hata moja na bado nimeona mtu anapigwa.

Sa, kila mtu anakumbuka kwamba Archer alimpenda Ellen. Wanachosahau, na mimi nlisahau kabisa mpaka tulipofika tena pale, ni kwamba Archer ndo aliyemzuia Ellen asiachike. Yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Ellen anataka talaka, bosi wa ofisi anamkabidhi Archer faili, familia inamwomba amshawishi aache, na jamaa anaenda kumkalisha chini. Anamwambia sheria inaruhusu ndiyo ila jamii yetu haikubali, na mumeo kwenye barua yake kagusia mambo, yakitoka magazetini itakuwaje, fikiria familia. Ellen anamuuliza, na uhuru wangu je, si kitu? Na yule bwana anaendelea tu na maneno ya kitabuni, maneno ya wazee, anayasikia yanavotoka mdomoni mwake na hayamtoki moyoni. Ellen anakubali. Anasema sawa, ntafanya unavotaka.

Miezi haijapita mingi Archer anakuja kumwambia nakupenda, ingewezekana ningekuoa wewe. Ellen anabaki anamshangaa. Anamwambia ni wewe ndo umefanya isiwezekane! Ni wewe uliyenifundisha kwamba ni ubinafsi mtu kutafuta furaha yake na kuwaachia wengine aibu, nimekusikiliza, nimeacha, na sa hivi unakuja kuniambia nini? Mke wangu alisimamisha sauti hapo. Akasema huyu mwanaume wajibu anauona ukiwa wa mtu mwingine tu. Nkamwambia subiri kwanza, kijana alikuwa hajajijua. Akasema kujijua gani huko, mbona alijua kabisa kumshauri mwenzie.

Sikuwa na jibu, nkabonyeza iendelee.

Nakaa sana hapa kwa sababu ndo kiini cha kitabu chote kwangu. Tukiongea haya mambo, furaha yangu au ndoa yangu, tunaongea kama vile ni mizani miwili imesimama mezani na mtu yuko katikati anapima. Wharton haandiki hivo. Kwake anayepima ni mtu aliyekwishaweka kidole upande mmoja siku nyingi, tena bila kujua. Ellen alitakiwa atoe uhuru wake kwa ajili ya heshima ya ukoo, akatoa. Ilipofika zamu ya Archer kutoa kitu, ghafla maadili yakawa gereza.

Afu kuna May. Mungu wangu, May.

Mara ya kwanza May nlimuona mdoli. Anarusha mishale, anavaa nyeupe, anaulizwa swali anajibu kama mama yake. Archer mwenyewe anamuona hivo na sisi tunaona kwa macho ya Archer tu, kwa hiyo usipokuwa makini unakula alichokula yeye. Lakini kuna chapta moja, May yuko Florida na wazazi wake, St. Augustine, Archer anaacha kazi anamfuata huko akitaka ndoa iharakishwe (anaharakisha kwa sababu anajiogopa, si kwa mapenzi). Na yule binti, ambaye hajui chochote cha dunia kwa mujibu wa Archer, anamtazama usoni anamuuliza, kuna mtu mwingine? Anamwambia kama kuna mwanamke uliyempa ahadi kabla yangu, na kama kuna njia yoyote, hata kama ni ya huyo mwanamke kuachika na mumewe, usimwache kwa sababu yangu. Anasema hawezi kuijenga furaha yake juu ya kumdhulumu mtu mwingine.

Soma tena hapo. Binti wa miaka ya 1870, kalelewa asijue kitu, ndo mtu PEKEE kwenye kitabu kizima anayelisema hili swali wazi, kwa sauti, tena kwa kumpa mwenzie mlango. Anakosea mtu tu, anadhani ni mwanamke wa zamani, mke wa mtu ambaye Archer aliwahi kuchepuka naye. Archer anafanyaje? Anashangaa jinsi alivo mkubwa kiroho, anamwambia hakuna mtu, anafurahi kwamba hajagundua, na mlango unafungwa. Alikuwa na nafasi ya kusema ukweli, bila ndoa, bila mtoto, bila aibu ya maana, uchumba tu. Hakusema.

Mimi nlipomlilia Archer mara ya kwanza hii chapta sijui nliisoma nikiwa nasinzia au vipi.

Basi wanaoana. Yale ya katikati ntapita haraka ingawa ni mazuri. Kuna pale Newport, mji wa pwani, anatumwa akamwite Ellen ufukweni, anamuona kwa mbali kasimama kaegemea, anajiambia asipogeuka kabla ile mashua haijapita mnara wa taa narudi zangu, mashua inapita, hajageuka, anarudi. (Baadaye Ellen anamwambia nlijua uko pale, nlifanya makusudi kutogeuka. Nywele zilinisimama.) Kuna Boston. Kuna safari ya farasi na gari, wamefungiwa humo wawili, Archer anaongea ndoto, anataka waende mahali ambapo haya majina ya hawara na mke hayapo, wawe watu wawili tu wanaopendana. Ellen anamuuliza hiyo nchi iko wapi, ulishawahi kufika? Anamwambia kajua wengi waliojaribu kuifikia na wote walishukia kituo siyo, wakajikuta palepale walipotoka, padogo zaidi na pachafu zaidi. Ellen kaishi. Archer kasoma vitabu.

Na kuna ile ya dirisha, nadhani ndo kurasa katili kuliko zote na wala hakuna kinachotokea. Jioni ya baridi, mume na mke wako maktaba ya nyumbani, May anadarizi mto ingawa kudarizi hajui vizuri, anadarizi kwa sababu wake wengine wanadarizi. Archer anaona hewa haitoshi, anafungua dirisha, May anamwambia utaugua ufe wewe. Na Archer anawaza nimeshakufa, miezi sasa. Afu wazo lingine linaingia: je kama angekufa yeye? Wanawake vijana wenye afya wanakufa kila siku. Akifa, mimi ni huru. Anamtazama mkewe na wazo hilo kichwani, mkewe anamuuliza unaumwa?

Wengine watasema huyu ni mtu mbaya. Mimi sidhani, na hapa nilipingana na mwenzangu. Nadhani Wharton alijua kwamba mtu akibaki kwenye ndoa kwa wajibu mtupu, bila kusema kitu, wajibu ule unaanza kuoza ndani na harufu yake ya kwanza ni mawazo kama hayo. Hakumpiga, hakumtukana. Alimuua kimoyomoyo tu akiwa kashika dirisha. Yupi aliyesaidiwa na ule uaminifu wake siku ile?

Karata ya May sasa. Ellen kakubali kukutana na Archer kisiri mara moja, afu ghafla anatangaza anarudi Ulaya, na ufunguo Archer aliomtumia anamrudishia kwenye bahasha bila neno. May anaandaa chakula cha jioni cha kumuaga, kikubwa, cha kwanza kikubwa tangu waoane. Archer kakaa mezani anawatazama ndugu na marafiki, nyuso laini zenye tabasamu, na ndo anaelewa kwamba wote, WOTE, wanaamini yeye na Ellen ni wapenzi kwa miezi, na kwamba hiki chakula ndo mazishi. Ukoo mzima umekaa upande wa mke bila mtu kufungua mdomo. Wageni wanaondoka, Archer anajikaza amwambie mkewe nataka kusafiri, mbali, peke yangu. May anamwambia hutaweza, labda uende na mimi, na hata mimi madaktari hawataniruhusu. Ana mimba. Kajua leo asubuhi. Afu Archer anauliza umeshamwambia nani mwingine, anasema mama yako, mama yangu, na Ellen. Ellen nlimwambia wiki mbili zilizopita. Lakini si umesema umekuwa na uhakika leo? Ndiyo, wakati ule sikuwa na uhakika, ila nlimwambia ninao. Na unaona, sikukosea!

Mke wangu alipiga makofi. Kweli, jikoni, mikono ina sabuni.

Mimi nkakasirika. Nkasema huo ni uongo, kamdanganya binamu yake aondoke, tena kwa mtoto. Akanijibu kitu ambacho nimekaa nacho mpaka leo, kwamba May aliwahi kuuliza kwa ukweli mara moja, akajibiwa kwa uongo, kwa hiyo mara ya pili hakuuliza. Mwanamke kapewa silaha mbili tu na ile jamii, tumbo na ukimya, na katumia zote mbili usiku mmoja. Je ni haki kwa Ellen? Si haki. Ellen aliondoka kwa sababu ya mtoto aliyekuwa bado ni dhana. Mwandishi hakwambii umpende au umchukie, anakuonyesha tu macho ya May yamelowa yanang'aa kwa ushindi, anafunga chapta.

Ndo maana nasema kukiita hiki kitabu cha mapenzi dhidi ya wajibu ni kukipunguza. Furaha ya May nayo ilikuwa furaha binafsi jamani! Alimtaka mume wake. Watu wakisema Archer alichagua wajibu badala ya furaha huwa wanasahau kwamba ndani ya nyumba ileile wajibu wa mmoja ulikuwa furaha ya mwingine, na huyo mwingine alikuwa anajua kila siku kwamba furaha yake ni msaada. Mtu anayekaa na wewe kwa sababu anapaswa, na wewe unajua, na unamwandalia meza. Nani hapo anabeba kizito?

Miaka 26 inapita, chapta ya mwisho. Archer ana miaka 57, ana watoto watatu wakubwa, anaheshimika mjini, May kafariki kwa nimonia aliyoipata akimuuguza mtoto wao mdogo. Archer alimlilia kwa ukweli. Anajiambia, kwa maneno yangu mimi, kwamba ndoa hata ikiwa wajibu mkavu si neno ilimradi ibaki na heshima ya wajibu, ukiitoa hiyo inabaki kugombania tamaa tu. Anasafiri na kijana wake mkubwa Dallas kwenda Paris, na Dallas, kizazi kipya, mdomo hauna breki, anamwambia baba, Ellen Olenska anakaa hapa hapa, tunaenda kumuona jioni. Na anaongeza kwamba mama siku moja kabla hajafa alimwita akamwambia mko salama na baba yenu siku zote, kwa sababu niliwahi kumuomba aache kitu alichokitaka kuliko vyote, akaacha. Archer anakaa kimya afu anasema, hakuniomba. Na Dallas anacheka, ndiyo, nyie hamkuwahi kuulizana kitu, mlikaa tu mnatazamana mnabashiri kinachoendelea ndani ya mwenzako.

Niliposikia hiyo kwa mara ya pili nliacha kufuta sahani. Miaka yote hiyo ALIJUA. Na kinachomgusa Archer pale si hasira, ni kama chuma kimefunguliwa kifuani, kwamba kumbe kuna mtu alibashiri na kumhurumia, na mtu huyo ni mkewe. Alimtafuta mtu wa kumuelewa Boston na Newport na kwenye gari la farasi, kumbe alikuwa anadarizi mto vibaya pembeni yake.

Kidogo kuhusu mwandishi kwa sababu kinabadilisha usomaji. Wharton aliolewa 1885, ndoa ilikuwa mbovu, mume alikuja kuugua akili na pia kutumia hela za mke kumtunza kimada, na yeye Wharton alipata mpenzi katikati ya umri wake, mwandishi wa habari. Aliachika 1913 na akabaki Ufaransa mpaka alipokufa 1937. Yaani aliyeandika juu ya mwanaume aliyebaki ni mwanamke aliyeondoka. Hajajiandikia utetezi. Alikuwa na miaka 58 kitabu kilipotoka, karibu umri wa Archer wa mwisho. Na kwenye mipango yake ya awali kuna toleo ambalo Archer anavunja uchumba na anamuoa Ellen kweli, na hawadumu, wanaachana. Kwa hiyo wale mnaosema wangeoana wangefurahi, mwenye kitabu alishawajaribu kwenye karatasi, ikakataa.

Kingine kinachonichekesha, kilipewa Pulitzer, tuzo kubwa ya vitabu Marekani, 1921, mwanamke wa kwanza kupata ile ya riwaya, na masharti ya zawadi wakati ule yalitaka kitabu kinachoonyesha hali safi ya maisha ya Kimarekani na tabia njema. Majaji walikuwa wamependekeza kitabu kingine, bodi ikageuza. Kitabu kinachoonyesha jinsi tabia njema zinavomtoa mtu nje bila damu kumwagika, kikapewa zawadi ya tabia njema!

Na ukikiweka karibu na wenzake wa mada hii ndo unaona kilivo. Anna Karenina wa Tolstoy, kilichokuwa kinatoka vipande vipande jaridani kati ya 1875 na 1877, miaka ileile ya kina Archer, mwanamke anaondoka na anaishia relini. Nora wa Ibsen, kwenye tamthilia ya A Doll's House ya 1879, anaondoka anafunga mlango, na ulikuwa mlango wa hatari kiasi kwamba Ujerumani mwigizaji mkubwa aligoma kuucheza hivo, Ibsen akalazimika kuandika mwisho mwingine ambao Nora anabaki kwa ajili ya watoto, na yeye mwenyewe aliuchukia. Hao wanaondoka na unaona bei. Wharton anakupa bei ya kubaki. Bei ya kubaki haina sauti, haina treni, ndo maana watu wanadhani haipo.

Sa nyota nliyokata. Kuna mambo madogo: chapta za kwanza zina majina ya koo mengi mno, Mingott na Manson na Welland na van der Luyden, tulichoka tukaandika kwenye karatasi, na Kiingereza chake ni cha sentensi ndefu zenye kona, ukisikiliza huku akili iko kwingine unapotea. Hayo nasamehe. Ninachokata nyota ni hiki. Kitabu kina chapta 34, na 33 zote ni muda usiofika hata miaka mitatu, wa kutaka na kukosa. Ile miaka 26 ya ndoa, ndo wajibu wenyewe sasa, kuuguza watoto, kuzeeka na mtu, asubuhi elfu kadhaa za kukaa meza moja na siri moja, hiyo imebanwa kwenye kurasa chache za mwisho kama mtu anayekusomea ripoti. Tunaambiwa ilikuwa na heshima. Hatuonyeshwi. Mimi nimeoa, nakwambia huko ndo kwenye kitabu! Siku gani May aliacha kuogopa? Archer aliacha lini kumtazama akiwaza dirisha? Kuna siku waliwahi kucheka wakasahau? Na Ellen naye, miaka 26 Paris, alikuwa anaishi vipi, alijuta, hakujuta, alimsahau? Hamna. Huyo ndo aliyetoa vyote, uhuru na mwanaume, na mwandishi anamuacha nyuma ya dirisha ghorofa ya tano. Mke wangu anasema hiyo ni makusudi, kwamba Archer hakuuliza kwa hiyo na sisi hatuambiwi. Inawezekana. Nyota nimeikata hivo hivo.

Muvi ya 1993 ya Martin Scorsese tuliiangalia baada ya kumaliza, nzuri, nguo zake zilishinda Oscar na zilistahili, Winona Ryder kamcheza May vizuri mpaka unaogopa. Ila anza na kitabu.

Nani asome: ukiwa kwenye uchumba na una mashaka, soma mpaka ile ya St. Augustine afu simama ukaongee na mwenzako kwanza. Ukiwa kwenye ndoa soma na mwenzako, si peke yako, peke yako utamlilia Archer kama mimi. Ukiwa umeachika, sijui, shemeji yangu kaachika, alikisoma akasema ni kitabu cha watu wenye muda.

Na mwisho wenyewe, nlishawaonya. Wanafika chini ya jengo, Archer anakaa kwenye benchi, anamwambia kijana tangulia. Dallas anauliza sa ntamwambia nini? Labda niseme wewe ni wa kizamani, unapanda ngazi ghorofa tano kwa sababu hupendi lifti. Baba yake anatabasamu, anamwambia sema mimi ni wa kizamani, inatosha. Anabaki anatazama dirisha, anaona kwamba kule juu ni kweli zaidi akiwa hapa chini, mpaka mtumishi anatoka anafunga mbao za dirisha, na yeye anainuka anarudi hotelini peke yake.

Mara ya kwanza nlisema ni mwaminifu kwa May mpaka mwisho. Safari hii mke wangu kaniuliza, akizima, kama ningekuwa mimi ningepanda. Nkasema ningepanda. Akasema sawa. Afu nkamuuliza na wewe je? Akaniambia vyombo havijaisha.